Biashara ya sherehe za watoto: mambo mnayodanganyana kila siku

Wiki haipiti bila mtu kunifuata na mpango wake wa kuanza kuandaa bethdei na sherehe za watoto, na kabla sijakaa vizuri ashaniambia: "Mi nitaanza na bei ya chini kwanza, nikishapata wateja ndo nipandishe." Wanaisema kwa kujiamini kabisa, kama vile ni siri wameigundua wenyewe jana usiku. Basi leo naiandika yote, na nyingine ambazo zinakuja kila mara, atakayenifuata tena nampa asome kwanza ndo tuongee.

"Nianze bei ya chini, nitapandisha baadaye"

Hapana. Tena hapana kubwa.

Kwanza tuelewane unauza nini. Wengi mnadhani mnauza maputo na mapambo na michezo, kwa hiyo hesabu yenu ni ya duka, nunua, weka kidogo juu, uza vingi, faida itakuja kwa wingi. Sasa sherehe za watoto zinafanyika lini? Wikendi, karibu zote, sababu katikati ya wiki watoto wako shule na wazazi wako kazini. Mwaka una wikendi 52. Toa za mitihani, toa za sikukuu ambazo watu wamesafiri, toa ambazo we mwenyewe unaumwa au una msiba au ndugu yako anaoa, zinazobaki ndo mali yako yote ya kuuza kwa mwaka mzima. Mwenye duka akishusha bei anaweza kweli akauza mara tatu zaidi na akapata faida. We huwezi kuwa kwenye sherehe tatu Jumamosi saa nane mchana. Yani mbinu ya bei ya chini inamsaidia mtu mwenye uwezo wa kuuza bila kikomo, na we kikomo chako kiko kwenye kalenda, kinaonekana kwa macho.

Twende kwenye namba, na tutumie namba tupu ili kila mtu aweke hela yake. Sherehe unatoza 100. Vinavyotoka moja kwa moja, yani maputo, vifaa vya michezo, usafiri na msaidizi, ni 70. Umebaki na 30. Mteja kaomba apunguziwe, umempa asilimia 20, unajiambia si nyingi. Sasa unapokea 80, matumizi yako yako palepale 70, umebaki na 10. Hebu iangalie tena hiyo. Mteja kaona kapunguziwa kidogo tu, kwako kaondoka na theluthi mbili ya faida, na ili uirudishe ile 30 inabidi ufanye sherehe tatu badala ya moja. Wikendi tatu kwa faida ya wikendi moja! Alafu mtu anashangaa mwezi wa sita kachoka hoi, oda zimejaa, na hela haioni.

Na hapo hata muda hatujaugusa, na muda ndo unanikera kuliko vyote, sababu mtu akishanionyesha daftari lake la matumizi kuna kila kitu mpaka selotepu, lakini yeye mwenyewe hayumo. Tuchukue sherehe ya kawaida ya masaa mawili, watoto kumi na tano. Simu na vikao na mzazi mpaka akubali, masaa mawili, na huyo ni mzazi mwenye maamuzi. Meseji za katikati, mara rangi imebadilika, mara mtoto hataki tena simba anataka roketi, mawili mengine. Kuzunguka kununua vitu, matatu. Kukata, kubandika na kufunga mifuko ya zawadi usiku watu wamelala, manne. Kupakia na kufika, moja na nusu. Kupanga sehemu, matatu. Sherehe yenyewe mawili. Kufungua mapambo, kufagia na kupakia tena, moja na nusu. Kurudisha vya kukodi na kufua vitambaa, mawili. Jumlisha. Masaa 21, kwa shughuli ambayo mteja anaiita "ya masaa mawili tu". Ile 10 yako igawanye kwa 21 uone kila saa unajilipa nini, haifiki hata nusu ya moja. Sasa niambie hiyo ni biashara au unajitolea.

Kuna na hii ya asilimia. Mtu anakwambia "mi nimeweka faida ya asilimia 30", ukimuuliza amepataje anasema kachukua gharama 100 akaongeza 30. Sawa, bei imekuwa 130, lakini 30 kwenye 130 ni kama asilimia 23 tu. Akija mteja kumwomba punguzo la asilimia 25 anampa akijua bado ana 5 mkononi, kumbe anauza kwa 97.5 kitu kilichomtoka 100. Huyu anafanya kazi na anamlipa mteja juu.

Haya, na ile "nitapandisha baadaye". Lini? Wateja wa kazi hii wanaletwa na wateja, na mzazi akimsifia mwenzake hasemi tu fulani anapamba vizuri, anataja na bei. Kwa hiyo kila anayekuja anakuja na namba kichwani, na hiyo namba ni ile ya chini. Ukimwambia mpya anakuona umemwonea yeye peke yake. Nimeona watu wazuri kabisa wa kazi wakilazimika kubadili mpaka jina la biashara ili tu waachane na bei zao wenyewe.

Najua unachotaka kuuliza, kwamba sina uzoefu, sina picha, nitatozaje bei kamili? Jibu langu ni lilelile siku zote: punguza kazi, usipunguze bei. Anza na sherehe ndogo, watoto kumi, mapambo sehemu moja tu ya kupigia picha, michezo mitatu, masaa mawili, basi. Kifurushi kidogo chenye bei inayokulipa. Mteja akisema hela haitoshi, usitoe punguzo, ondoa kitu. "Sawa mama, kwa bajeti hiyo tunaondoa tao la maputo na mchoraji wa uso, tunabaki na michezo na meza." Wengi ukiwaambia hivyo ghafla hela inapatikana. Na kama kweli unataka kufanya moja ya mtoto wa dada yako ili upate picha, fanya, lakini muandikie ankara yenye bei kamili na chini yake andika punguzo la mara moja, hata kama ni dada yako. Hasa kama ni dada yako, sababu yeye ndo atakayekutangaza.

"Maputo ni mapambo tu, yatamdhuru nani"

Hii ni ya pili kwa kunipandisha presha. Puto la mpira lililopasuka, au ambalo halijajazwa, ni kati ya vitu hatari zaidi vya kukaba watoto, sababu kile kipande ni laini, kinajikunja kufuata umbo la koo na kuliziba lote. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, pakiti ya maputo ya mpira lazima iwe na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 anaweza kukabwa na puto lisilojazwa au lililopasuka, na Ulaya nako onyo la miaka 8 lipo. Miaka nane, sio miwili kama mnavyodhani. Kwa hiyo watoto wadogo hawajazi maputo kwa mdomo, hata kama wanaomba kwa machozi, na kila sherehe awepo mtu mmoja anayejulikana kwamba kazi yake ni kuokota vipande, puto likilia pa! anainama saa hiyohiyo anaweka mfukoni. Mimi namvalisha aproni yenye mfuko mkubwa mbele, maana ukimwambia "weka kwenye ndoo ya taka" ndoo iko mbali na ataahirisha. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mimi maputo ya mpira sakafuni siweki kabisa, yanafungwa juu wasikofikia.

Heliamu nayo, ile gesi ya kufanya maputo yaelee, acheni mchezo wa kuivuta ili sauti iwe nyembamba. Sio sumu, ni kweli, lakini inafukuza oksijeni, na ukivuta moja kwa moja kwenye mtungi ule mgandamizo unaweza kuchana mapafu. Watu wamekufa. Mtungi ukae umefungwa kwenye ukuta au kwenye gari, sio katikati ya watoto. Na kwa kuwa mnapenda kujaza usiku ili asubuhi mlale: puto la mpira la kawaida la inchi 11 likiwa na heliamu linaelea takriban nusu siku mpaka siku moja tu, kwa hiyo la jana usiku saa tatu litakuja kwenye sherehe ya leo mchana limeinamisha kichwa. Ya foili yanakaa siku kadhaa, ila hayo yanapitisha umeme, usiyaachie nje karibu na nyaya.

Na tukiwa hapohapo kwenye usalama, yale majumba ya hewa ya kurukia watoto. Kiwango cha Ulaya, EN 14960, kinataka jumba liwe na sehemu za kulifungia chini zisizopungua 6 na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Unapima kwa kipimo, sio kwa kuangalia miti. Anayekukodisha akikwambia "hili zito, halihitaji kamba", shukuru uondoke. Alafu mtu mzima mmoja anasimama pale muda wote, hashiki simu, hakati keki, na wakubwa na wadogo hawaingii pamoja.

Rangi za uso: "haina sumu" kwenye kopo la rangi ya karatasi haina maana inafaa ngozi. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, pamoja na zile chembe za kung'aa, period.

"Sherehe ikiwa ndefu mteja anaona thamani ya hela yake"

Mteja anaona mtoto wake analia. Watoto wa chini ya miaka mitano, saa moja na nusu mpaka masaa mawili yanatosha, zaidi ya hapo uchovu unaanza kuongea. Na muulize mzazi mtoto analala saa ngapi mchana, kisha upange mbali na huo muda, hili ni swali la sekunde kumi na hakuna anayeuliza.

Kinachoharibu sherehe mara nyingi sio ufupi, ni mpangilio. Dakika ishirini za kwanza watoto wanafika mmojammoja, wengine wamejificha nyuma ya mguu wa mama, na hapo mwandaaji mpya ashashika kipaza sauti anataka mchezo wa pamoja. Na nani? Wako wanne. Muda huo weka kitu ambacho mtoto anaingia wakati wowote na kutoka wakati wowote, kupaka rangi kofia yake, kubandika stika kwenye mfuko wake wa zawadi. Michezo ya pamoja ianze wakishafika wengi, na kwa wadogo achana na ile ya kutolewa mmojammoja, maana aliyetolewa wa kwanza ana miaka minne, hana la kufanya, na robo saa ijayo ndo yeye anayevuta kitambaa cha meza. Kila mchezo uwe na mbadala mkononi, sababu mchezo uliopanga wa dakika kumi na tano utaisha dakika nne.

Keki sasa. Naomba sana, keki isiwe ya mwisho. Mnaiweka mwisho ili iwe kilele, matokeo yake wageni wawili wameshaondoka, mwenye bethdei amechoka, picha zote ana macho mekundu. Itoe ikibaki kama dakika arobaini, alafu mchezo mmoja mtulivu, wakae chini, ndo mifuko ya zawadi mlangoni. Nimegombana na wazazi wengi kwa hili na nitaendelea kugombana nao.

"Lazima ninunue vifaa vyote kwanza"

Mnachukua mkopo, mnanunua viti vidogo vya rangi, mandhari ya katuni fulani, mashine hii na ile, alafu mwaka unaofuata watoto wamehamia kwenye katuni nyingine na we una stoo imejaa. Kodi kwanza. Nunua tu kile ambacho umekikodi mara nyingi mpaka imekuuma: vitambaa vya rangi moja visivyo na picha, spika, meza za kukunja, toroli, mkasi miwili (mmoja utapotea), sanduku la huduma ya kwanza. Hilo la mwisho sio la hiari.

"Kupenda watoto kunatosha"

Kupenda watoto ni kuzuri. Ila anayekulipa, anayebadilisha mawazo usiku wa manane na anayelalamika ni mzazi. Kama huwezi kumwambia mtu mzima "hapana" kwa upole na ukamaanisha, kazi hii itakutesa.

"Kwa watu tunaojuana mkataba wa nini"

Wanaojuana ndo wanaogombana. Karatasi moja inatosha, au hata meseji ndefu ambayo mzazi amejibu "nimekubali", ilimradi iwe na mambo yafuatayo: tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, advansi ambayo hairudi akiahirisha dakika za mwisho, salio lote liwe limeingia kabla ya siku yenyewe (sio baada, baada utaambiwa "nakutumia kesho" mpaka bethdei nyingine ifike), malipo ya kila saa inayozidi, na tarehe ya mwisho ya kuthibitisha idadi ya watoto. Hiyo ya idadi ikazieni. Mzazi anasema kumi na tano, siku hiyo wanakuja ishirini na tatu sababu kila mmoja kaja na mdogo wake, na mifuko ya zawadi ni kumi na tano. Mimi natengeneza ya ziada mitatu siku zote na siwaambii wazazi kama ipo. Andika pia nani anaangalia watoto, maana wazazi wengine wakishaona mtu ana fulana ya kazi wanaacha mtoto na kuondoka zao, na we hukuajiriwa uyaya. Na uliza kwa maandishi habari za mzio, usisubiri uambiwe: karanga, maziwa, mayai, na hata mpira wa maputo wapo wanaodhurika nao. Jibu lake likae mahali ambapo anayegawa chakula analiona.

Bima ya dhima kwa watu wengine, yani ile inayolipa mtu akiumia kwenye kazi yako, iulizie kabla hujaanza, sio baada ya mtoto kuvunjika mkono. Kumbi nyingine hawakupi nafasi bila hiyo.

"Nikishona vazi la katuni mwenyewe ni langu"

Kitambaa ni chako. Yule mhusika ana mwenyewe, na kumtumia kibiashara, kwa kumkodisha au kuweka picha yake kwenye tangazo lako, bila ruhusa ni kesi ya hakimiliki na alama ya biashara, na kubadili rangi ya kofia au kumwita "binti wa barafu" hakukuokoi kila mara. Tengeneza sherehe za mada huru: bahari, anga za juu, msituni, sarakasi, wapishi wadogo. Hakuna mwenye bahari.

"Nikipata wafuasi wengi mtandaoni, oda zitajileta"

Wafuasi elfu kumi walio mbali na unapofanyia kazi hawakuletei hata oda moja, na nusu yao ni waandaaji wenzako wanaokopi mapambo yako. Na kabla ya kuposti, picha za watoto wa watu zinahitaji ruhusa ya wazazi wa KILA mtoto anayeonekana, sio wa mwenye bethdei tu. Kama ni usumbufu, piga picha sehemu ikiwa imepangwa na bado haijaingia mtu, ndo inapopendeza zaidi hata hivyo.

Wateja wako wa kweli wamesimama palepale ukumbini wameshika sahani. Fikiria, watoto kumi na tano wa umri mmoja, na kila mmoja wao atakuwa na bethdei ndani ya miezi 12 ijayo, na wazazi wao wamekuona ukifanya kazi masaa mawili mazima bila kulipa tangazo. Wamekuona ukiinama kuokota kipande cha puto. Weka kikadi kidogo ndani ya kila mfuko wa zawadi, jina, namba ya simu, umri wa watoto unaowahudumia, basi, bei usiweke. Alafu baada ya siku mbili mtumie mwenye sherehe meseji ya kuuliza mtoto anaendeleaje na kama kuna chochote hakikumpendeza, na hapohapo muulize ni nani kati ya wageni aliyeulizia. Karibu kila mara yupo, ila hakuna aliyemkumbuka mpaka ulipouliza.